Kizimba na Rehema: Je, Mwislamu Aweza Kumfungia Mnyama?

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara na ndugu walioingia katika Islam karibuni, na hata na wale ambao bado wamesimama mlangoni wakitazama, limo swali juu ya mbwa. Mtu asidhani kuwa swali hili ni dogo. Mara nyingi dini ya mtu hujulikana zaidi kwa namna anavyomtendea asiyeweza kumshitaki kuliko kwa maneno anayoyasema mbele za watu.

Katika sehemu kama Zuzu, magharibi ya Dodoma, jambo hili wala si la vitabuni. Mgogo ni mfugaji tangu enzi za mababu zake. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wamelala karibu naye katika ua wa tembe, na vijana wake wamekwenda machungani wakifuatana na mbwa. Basi mtu wa namna hii anapoikubali Islam huuliza: "Mbwa wangu niliyekuwa naye kabla ya kusilimu nimfanye nini?" Wako walioambiwa wamfukuze. Wako ambao, kwa kuogopa najisi, wamemsukumia katika sanduku la mbao nyuma ya nyumba, na huko hushinda na kulala, akitupiwa makombo siku wanapomkumbuka.

Upande wa pili wako watu wa mji. Tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na hasa tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia huko kwa hakika, viwanja vimepimwa na nyumba zenye kuta na mageti zimeongezeka. Pamoja na geti huja mbwa wa ulinzi, na pamoja na mbwa huja desturi iliyoenea katika miji yetu mingi: mbwa hufungiwa mchana kutwa katika kibanda chembamba, asimwone mtu wala asionwe, kisha usiku hufunguliwa, kwa imani kwamba giza na upweke vitamfanya awe mkali.

Basi watu hawa wawili, mmoja kwa jina la dini na mwingine kwa jina la ulinzi, wamefika kwenye kizimba kimoja. Tuitazame Islam inasema nini.

MBWA KATIKA KURANI TUKUFU

Jambo la kwanza analopaswa kulijua mwenye kuuliza ni kwamba Kurani Tukufu haikumtaja mbwa kwa chuki hata kidogo. Katika Sura Al-Maida, aya ya 5 (kwa hesabu yetu ambayo Bismillahi ni aya ya kwanza), Mwenyezi Mungu Ameruhusu kuliwa windo linalokamatwa na wanyama waliofundishwa kuwinda, na Ameeleza kwamba wenye kuwafundisha huwafundisha katika elimu ile waliyopewa na Mungu Mwenyewe. Tafakari, ewe msomaji! Kumfundisha mbwa kumehesabiwa kuwa ni kugawa sehemu ya elimu itokayo kwa Mungu. Na mbwa aliyefunzwa amepata heshima ambayo asiyefunzwa hana, maana windo lake ni halali.

Tena katika Sura Al-Kahf, aya ya 19, zinasimuliwa habari za Watu wa Pangoni, na mbwa wao ametajwa pamoja nao, amenyosha miguu yake kizingitini. Waumini wale walikuwa katika dhiki, wamejificha mahali padogo kwa ajili ya imani yao, lakini hawakumfungia mbwa wao. Alikaa mlangoni kwa hiari yake, akilinda.

Ni kweli kwamba Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. amewakataza Waislamu kumweka mbwa pasipo haja, na akaeleza kwamba afanyaye hivyo thawabu zake hupungua kila siku. Lakini katika hadithi hiyo hiyo amewatoa mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Ni kweli pia kwamba ameamrisha chombo alichorambia mbwa kioshwe vizuri. Lakini usafi ni jambo moja na ukatili ni jambo jingine. Aliyeamriwa kuosha sahani hakuamriwa kumtesa aliyeiramba. Mchungaji wa Zuzu aliyesilimu hana dhambi kubaki na mbwa wake wa mifugo. Amtengee mahali pake nje ya nyumba na chombo chake mwenyewe, kisha amtendee wema.

PAKA ALIYEFUNGIWA

Sasa tufike kwenye kufungia kwenyewe. Hadithi iliyo mashuhuri kuliko zote katika jambo hili imepokewa na Imam Bukhari na Imam Muslim. Mtume Mtukufu s.a.w. alisimulia habari za mwanamke aliyestahili adhabu kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka paka akafa. Hakumpa chakula wala maji, wala hakumwachilia ajitafutie wadudu na viumbe vidogo vya ardhini.

Ukiitazama hadithi hii kwa makini utaona kwamba kosa lina sehemu mbili zilizofungamana. Mwanamke yule angaliweza kumlisha paka akiwa ndani, au kumfungulia mlango akajilisha nje. Alikataa yote mawili. Kwa hiyo sheria inapatikana humu waziwazi: anayeufunga mlango amejitwika riziki yote ya aliye ndani. Ndege wa porini hutoka asubuhi na tumbo tupu akarudi ameshiba, kwa sababu Mwenyezi Mungu Amemwekea riziki yake duniani. Ukimtia tunduni umesimama baina yake na riziki hiyo. Usipomletea, umekuwa mwizi wa kile Mungu Alichomgawia.

Je, basi ni haramu kabisa kumweka mnyama ndani? La hasha! Katika hadithi nyingine sahihi tunasoma kwamba mdogo wake Anas r.a., mtoto aliyeitwa Abu Umair, alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege yule alipokufa, Mtume Mtukufu s.a.w. alimwuliza mtoto habari zake kwa upole na mzaha wa kumfariji. Hakumkemea kwa kumweka. Wanavyuoni wameichukua hadithi hii kuwa ni ruhusa ya kuweka ndege, kwa sharti atunzwe. Lakini Anas huyo huyo, alipowakuta vijana wamemfunga kuku wakimlenga mishale, aliwaambia kuwa Mtume s.a.w. amekataza wanyama wafungwe ili wauawe namna ile.

Kumbe haitazamwi kamba wala tundu peke yake. Inatazamwa nia ya mfungaji na hali ya mfungwa.

KUFUNZA SI KUTESA

Mwenye nyumba atasema: "Mimi simtesi mbwa wangu. Namfunza ulinzi." Ndugu yangu, hapo ndipo ulipo upotofu. Mbwa aliyefungiwa mchana kutwa hafunzwi kitu. Wenye elimu ya wanyama wanaeleza kwamba mtoto wa mbwa, tangu kama wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 12 ya umri wake, ndipo hujifunza kuishi na watu na viumbe wengine. Akifichwa katika siku hizo hukua akiogopa kila asilolijua. Na mbwa mwenye hofu hauma bila kuchagua. Humrukia mwizi, humrukia mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, na pengine humrukia bwana wake. Ulinzi ni kujua tofauti baina ya mwenyeji na mgeni, na tofauti hiyo haijulikani gizani.

Tena lifikirie joto la Dodoma mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua haijanyesha, ndani ya kibanda cha mabati. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Hewa ikiwa moto na maji hayapo, kuhema hakumfai kitu, na joto laweza kumwua.

Sasa watazame walio watu wa kufunza kweli. Katika Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa makohozi ili kugundua kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa huko mwaka 2013, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Alifunzwaje? Panya hawa huzoeshwa watu tangu wachanga, kisha hufundishwa kwamba wakisikia mlio fulani mdogo watapata kipande cha ndizi. Wakinusa sawasawa, mlio husikika na ndizi hutolewa. Kazi hiyo huchukua kama miezi 9 ya subira. Kweli hulala vizimbani, lakini si kizimba kilichowapa elimu. Kizimba ni malazi tu. Kilichowafunza ni mkono wa mtu ulioleta ndizi kila siku pasipo kuchoka.

Ikiwa panya, anayechukiwa na kila mwenye ghala, amefikia daraja hiyo kwa upole, mbwa wako atashindwaje?

Na Mtume Mtukufu s.a.w. alikwisha tufundisha jambo hili karne nyingi zilizopita. Bibi Aisha r.a. alipanda ngamia mkaidi, akawa akimvutavuta kwa nguvu. Mtume s.a.w. alimwagiza awe mpole, akamweleza kuwa upole hukipamba kila kitu unapokuwamo, na kila unapoondolewa huacha aibu. Tena alipoingia katika bustani ya mmoja wa Ansari akamkuta ngamia akilia machozi, alimpangusa kichwa mpaka akatulia, kisha akamwonya mwenye ngamia amwogope Mungu juu ya mnyama aliyemilikishwa, kwa kuwa anamtia njaa na kumchosha.

NENO KWA WASOMAJI WAKRISTO

Wako wasomaji wetu wengi walio Wakristo, na tunawakaribisha. Wao pia wanayo mafundisho haya katika Biblia. Katika Mithali 12:10 mwenye haki anasifiwa kwa kuujali uhai wa mnyama wake, na katika Kumbukumbu la Torati 25:4 imekatazwa kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Lakini Paulo, alipoitaja amri hiyo katika 1 Wakorintho 9:9-10, aliuliza kama Mungu huwajali ng'ombe, kisha akaigeuza amri yote kuwa ni kwa ajili ya watu. Twauliza kwa heshima: kwani Mungu Aliyewaumba ng'ombe Ashindwe kuwajali? Islam imeiacha rehema ya Torati mahali pake. Masahaba walipouliza kama kuna malipo kwa kumtendea wema mnyama, Mtume s.a.w. aliwajibu kwamba malipo yapo kwa kila chenye uhai. Jibu hilo alilitoa baada ya kuwasimulia habari za mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mungu Akamsamehe madhambi yake.

ISHARA YA ZAMA ZA MWISHO

Katika Sura At-Takwir, Mwenyezi Mungu Ametaja ishara za zama za mwisho. Moja ni kuachwa kwa ngamia (81:5), na nyingine ni kukusanywa kwa wanyama wa mwituni (81:6). Ishara ya kwanza waweza kuiona kutoka Zuzu penyewe, ambapo hupita Reli ya Kati iliyoanza kujengwa mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914, ikachukua mizigo iliyokuwa ikibebwa na misafara. Ishara ya pili ilitimia yalipoanzishwa mabustani ya wanyama. Lile la London lilifunguliwa mwaka 1828, na mengine yakafuata katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, wakapelekwa huko simba na tembo wa Afrika masandukuni.

Lakini utabiri si amri. Kurani Tukufu imesema jambo litakuwa, haikusema mtu apumbae katika ukatili. Na moyo uliozoea kizimba hauishii kwa mnyama. Mwaka 1906, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, aliwekwa binadamu, Ota Benga, Mmbuti kutoka Kongo, katika nyumba ya nyani, watu wakaja kumtazama. Wachungaji Weusi wa mji ule walipinga kwa nguvu mpaka akatolewa, lakini hakupata tena furaha, na mwaka 1916 alijiua. Tazama, ndugu msomaji, hatua ni fupi namna gani kutoka kumdharau kiumbe mmoja mpaka kumdharau mwingine.

Kwa ajili ya zama hizo hizo Mwenyezi Mungu Alimleta Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. wa Qadian. Imehifadhiwa katika habari za maisha yake kwamba siku moja mwanawe, Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad, ambaye baadaye alikuwa Khalifa wa Pili, alipokuwa bado mtoto alifunga milango ya nyumba ili akamate shorewanda. Masihi Aliyeahidiwa a.s., akiwa njiani kwenda kusali Ijumaa, alimwona akamkataza, akamfahamisha kwamba asiye na huruma hana imani. Hakuliona kuwa ni mchezo wa mtoto tu. Aliona mlango uliofungwa juu ya viumbe dhaifu, akauhusisha na imani yenyewe. Na alipoanza kuchukua baiat mwaka 1889, aliweka katika sharti la nne kwamba mwenye kujiunga asiwadhuru viumbe wa Mungu, na katika sharti la tisa kwamba ashughulike kuwahudumia kwa ajili ya Mungu tu. Wewe uliyetia baiat, mbwa wako naye yumo katika ahadi uliyoifunga.

MNYAMA ALIYE NDANI YETU

Katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwaka 1896, iitwayo Falsafa ya Mafundisho ya Islam, Masihi Aliyeahidiwa a.s. ameeleza hali tatu za mwanadamu: ya maumbile, ya uadilifu na ya kiroho. Tabia za maumbile, kama ghadhabu na tamaa, hazikuumbwa zikatwe. Zikiongozwa na akili na kutumika mahali pake huwa uadilifu. Kila mmoja wetu basi anaye mnyama wa kumfunza.

Na Islam inamfunzaje? Inamweka mahali padogo kwa muda. Kufunga ni mlango uliofungwa alfajiri, lakini jua likizama hufunguliwa, na Mtume s.a.w. amekataza kufunga mfululizo usiku na mchana pasipo kufuturu. Itikafu ni kukaa katika pembe ya msikiti siku kumi za mwisho za Ramadhani, lakini mtu huingia kwa hiari, hula, hunywa, hulala, na mwezi ukiandama hutoka. Mwenyezi Mungu Anayetufunza sisi Ameweka kipimo, Ameweka riziki na Ameweka mwisho. Sisi ni nani tuwanyime viumbe Wake yale Aliyotupa Yeye?

KIPIMO CHA KUTENDA

Kwa hiyo, ewe ndugu, zishike kanuni hizi:

Kwanza, usifungie pasipo sababu ya haki. Vifaranga hufungiwa kwa ajili ya mwewe, na mbuzi kwa ajili ya fisi. Mbwa aliyemwuma mtu afungiwe na kuangaliwa siku 10 kwa kuhofia kichaa cha mbwa, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali upesi. Kufungia kwa namna hiyo ni kulinda.

Pili, mahali pawe na nafasi ya mnyama kusimama, kujigeuza, kulala na kujinyosha. Mwaka 1965 kamati ya Profesa Brambell katika Uingereza ilitaja mambo hayo kwa wanyama wa kufugwa, na katika Tanzania Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekataza kuwafanyia ukatili. Mwislamu asingoje polisi amkumbushe aliyofundishwa na Mtume wake.

Tatu, kuwe na kivuli, hewa, na maji kila wakati.

Nne, mlango ufunguliwe kila siku, naye atembezwe na azoeshwe watu. Na kibanda kisiwe adhabu, ili akipende kama malazi yake.

Tano, ukishindwa haya, usimweke. Mpe anayeweza.

Ndugu msomaji, katika lugha yetu neno kizimba lina maana mbili. Ni chumba cha mnyama, na ni mahali anaposimama mshitakiwa mbele ya hakimu. Yule paka hakuweza kusema neno, lakini Mwenyezi Mungu Alimfunulia Mtume Wake kesi yake, nayo ingali inasomwa mpaka leo. Basi kabla jua halijazama leo, nenda nyuma ya nyumba yako ukatazame. Kama yuko aliyefungiwa, mpelekee maji, umfungulie mlango.

Mwenyezi Mungu Atujaalie kuwa wenye kuwarehemu walio ardhini, ili nasi tupate rehema Yake. Amina.